Baba Amekubali Mnara wa Simu Kiwanjani, Majirani Wametugeuka

Shikamoo Mshauri,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nitakapoiandikia, nitaiandikia kuhusu mnara wa simu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mtoto wa kwanza kati ya watatu. Tunaishi Kihonda, Morogoro, katika nyumba ambayo baba aliijenga kabla ya kustaafu. Mama alikwisha kufariki. Nyuma ya nyumba kuna sehemu ya kiwanja iliyokuwa bustani ya mchicha wakati wa uhai wake, na sasa imekaa bila kazi. Mwaka huu kampuni moja ya kujenga minara ilimfuata baba ikitaka kuipangisha sehemu hiyo kwa miaka mingi, kwa kodi ambayo kwa mwaka inazidi pensheni yake. Baba amekubali kwa mdomo, ila hajatia saini.

Habari zilipoenea mtaani, mambo yaliharibika. Jirani wa upande wa kushoto, ambaye tumeazimana naye chumvi na vyungu tangu nikiwa mdogo, alisema mbele ya watu msibani kwamba baba anauza afya za watoto wa wenzake. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mnara mwingine, na karibu na mnara huo yupo mtoto wa kike anayetibiwa saratani ya damu huko Dar es Salaam. Watu wote wanasema chanzo ni mnara ule. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni mjamzito na anaishi nasi, ameapa kuhamia ukweni siku msingi utakapochimbwa. Amenunua zile stika zinazouzwa kwa maelezo kwamba zinazuia mionzi, akazibandika nyuma ya simu za nyumba nzima, hata ya baba ambayo ni ya tochi. Usiku anazima ruta ya waifai. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam anacheka na kusema huo ni ushamba, na kicheko chake kimetuumiza kuliko maneno ya jirani.

Nimejaribu kusoma mwenyewe. Nimekuta kwamba mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilisema mawimbi haya huenda yakasababisha saratani. Kwamba panya waliofanyiwa utafiti Marekani walipata uvimbe. Na kwamba Ufaransa imekataza waifai katika vituo vya kulelea watoto wachanga. Papo hapo nimekuta wataalamu wengine wakisema hakuna madhara yaliyothibitishwa. Baba ameniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Ukisema nisisaini, sisaini." Nimwambie nini, na majirani niwakabili vipi?

Binti wa Kihonda

*

Marahaba, binti yangu.

Nikujibu kwanza kile unachohitaji kumpelekea mzee. Kwa upande wa afya, sioni sababu ya baba yako kuukataa mkataba huu. Kwa upande wa namna jambo lenyewe lilivyoendeshwa, majirani wenu wana hoja ya haki, na nisingependa atie saini kabla hoja hiyo haijajibiwa. Ugomvi umekua kwa sababu mambo haya mawili yanasemwa mtaani kana kwamba ni moja, na kila anayemjibu jirani kuhusu saratani anamwacha na lile lingine likiwa bado linamchoma.

Mionzi inayotumika kupiga picha za eksirei, au inayotoka katika madini kama urani, ina nguvu ya kuvunja vifungo vya kemikali ndani ya chembe za mwili na kuharibu vinasaba, na hiyo ndiyo njia inayojulikana ya mionzi kuleta saratani. Wataalamu wa kwetu huiita mionzi ayonisha. Mawimbi ya simu, ya redio na ya waifai yako upande mwingine kabisa, kwani nguvu yake ni ndogo hata kuliko ya mwanga wa kawaida wa taa, na haiwezi kuvunja vifungo hivyo hata kidogo. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto, na tena yakiwa makali sana. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, ambayo viwango vyake vinafuatwa na nchi nyingi na vilihuishwa mwaka 2020, ilichukua kiwango ambacho mwili mzima huanza kupata joto la kutia wasiwasi, ikakigawa kwa 50, na kilichobaki ndicho kikawa kikomo cha raia wa kawaida.

Sasa mnara unatoa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Antena hurusha mawimbi kwa mbele, kama kurunzi iliyoelekezwa ng'ambo ya bonde, hayamwagiki moja kwa moja chini ya nguzo. Ndiyo maana aliye chini ya mnara kwa kawaida hapati mawimbi makali kuliko aliye mbali kidogo nao, na wote wawili wanapata kidogo, kwa sababu nguvu ya mawimbi hupungua haraka sana kadiri unavyoondoka kwenye chanzo.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa mdogo wako alisikie kutoka kwako, kwa upole. Chanzo kikubwa cha mawimbi katika maisha ya mtu wa kawaida ni simu yake mwenyewe, kwa kuwa anaishika sikioni, na mara nyingine anaifunga kiunoni ndani ya kanga. Simu hupandisha au kushusha nguvu yake kulingana na umbali wa mnara. Mtandao ukiwa hafifu, simu hujitutumua ili isikike. Mnara ukiwa jirani, hutumia nguvu kidogo sana. Kwa hiyo mnara uliosimama nyuma ya nyumba unaweza kupunguza mawimbi yanayomfikia yeye na mtoto aliye tumboni kutoka kwenye simu yake. Zile stika nazo, ama hazifanyi chochote, ama zinaziba sehemu ya antena na kuilazimisha simu itumie nguvu zaidi. Tume ya Biashara ya Marekani imewaonya wanunuzi kuhusu vifaa vya namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Azibandue zote, akianza na ya baba.

Uliyosoma si uongo, na usikubali kaka yako akufanye ujione mjinga kwa kuyasoma. Lakini kila moja linahitaji kusomwa hadi mwisho.

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lililoko Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi haya katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Makundi hayo yanapanga uzito wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Katika 2B imo dondoo ya jani zima la alovera, na zimo mboga za kuchachusha za kule Asia. Nyama nyekundu iko kundi la juu kuliko hilo, 2A, na soseji tangu mwaka 2015 ziko kundi la 1 pamoja na tumbaku, ingawa hakuna mwenye akili timamu atakayesema soseji moja ina hatari ya sigara moja. Kuna jambo jingine ambalo wanaosambaza habari hii huliruka. Ushahidi uliosababisha uamuzi ule ulihusu watu wanaoshika simu sikioni kwa muda mrefu na uvimbe wa ubongo na wa neva ya sikio. Kuhusu mawimbi ya mazingira, ambamo ndimo minara inamoingia, wataalamu wale wale walisema ushahidi haukutosha kufikia uamuzi wowote. Anayetumia mwaka 2011 kuupinga mnara anatumia hati inayohusu kitu alichokishika mkononi.

Panya wa Marekani ni kweli. Mpango wa Taifa wa Utafiti wa Sumu wa nchi hiyo ulitoa matokeo yake mwaka 2018. Panya walipigwa mawimbi mwili mzima kwa takriban saa 9 kwa siku, kwa miaka 2, tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, kwa viwango vilivyo juu mno kuliko kikomo kinachoruhusiwa kwa mwili mzima wa binadamu. Madume yalipata uvimbe wa neva moyoni kwa idadi iliyowafanya watafiti waseme ushahidi ni wa wazi. Kwa majike haukuwa wazi. Jambo la ajabu ni kwamba madume yaliyopigwa mawimbi yaliishi muda mrefu kuliko yale ambayo hayakuguswa, na hakuna aliyependekeza tukakae chini ya antena ili tuishi sana. Mwaka huo huo Taasisi ya Ramazzini ya Italia iliripoti uvimbe wa aina hiyo hiyo kwa viwango vya chini zaidi. Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la washauri wa shirika lile la Lyon lilipendekeza mawimbi haya yatathminiwe upya. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe, kwani mjadala wa kisayansi haujafungwa, na anayekuambia umefungwa anasema kuliko anachokijua.

Ila tunao binadamu, na hao wamechunguzwa zaidi kuliko panya. Utafiti wa Interphone, uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2010, haukuona ongezeko la jumla la uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wa simu. Uliona dalili kwa kundi dogo lililopiga simu kupita kiasi, lakini watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba mgonjwa anayejaribu kukumbuka alivyotumia simu miaka 10 iliyopita hakumbuki sawasawa. Daktari wa Sweden, Lennart Hardell, kwa miaka mingi ameripoti uhusiano kati ya simu na uvimbe, na wanaopinga minara humtaja sana. Tatizo ni kwamba tafiti zilizofuatilia watu kwenda mbele, badala ya kuwauliza wagonjwa kuhusu yaliyopita, hazikukuta alichokikuta. Utafiti wa COSMOS, uliofuatilia watu zaidi ya 250,000 wa Ulaya na kutoa matokeo mwaka 2024, haukuona ongezeko. Mwaka huo huo mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya tafiti 63, yalifikia uamuzi kwamba simu hazihusiani na saratani ya ubongo. Na takwimu za saratani za Denmark, Finland, Norway na Sweden, nchi zilizoanza kutumia simu za mkononi mapema mno, hazikuonyesha kupanda kwa uvimbe wa ubongo kunakolingana na kuenea kwa simu. Kwangu mimi hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu daftari la wagonjwa la nchi nzima halitegemei kumbukumbu ya mtu.

Kuhusu Ufaransa, sheria ya mwaka 2015 ilikataza waifai katika vyumba vya watoto wa chini ya miaka 3. India nayo mwaka 2012 ilishusha kikomo chake hadi sehemu moja ya 10 ya kile cha kimataifa. Hayo ni maamuzi ya wanasiasa waliochagua tahadhari huku ushahidi ukibishaniwa, na wana haki ya kufanya hivyo; hayakutokana na kugundua watoto wagonjwa. Mdogo wako akipenda kuzima ruta usiku, mwacheni azime. Haimgharimu mtu kitu, na analala kwa amani. Anayetaka kupunguza mawimbi kwa dhati azungumze kwa spika au kwa waya wa masikioni, na asipige simu ndefu mahali penye mtandao wa kusuasua. Kama jikoni kwenu mnapikia mkaa au kuni ndani ya nyumba, hapo ndipo ningempa mjamzito onyo kali. Moshi wa kuni wa majumbani uko kundi 2A, juu ya mawimbi ya simu, na madhara yake kwa mapafu na kwa uzito wa mtoto anayezaliwa yanajulikana vizuri. Ajali ya kuandika ujumbe huku mtu akiendesha bodaboda nayo ni hatari ya simu isiyohitaji utafiti.

Nije kwa mtoto anayeumwa. Saratani ya damu ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani, na kwa walio wengi chanzo chake hakipatikani. Minara imekuwa mingi kiasi kwamba mtoto yeyote wa mjini atakayeugua, popote atakapoishi, atakutwa na mnara jirani. Lakini hayo nakuambia wewe. Usiende kumwambia mama yake. Mzazi ambaye daktari hakumpa sababu atashika sababu yoyote inayoonekana dirishani, na kumnyang'anya sababu hiyo bila kumpa nyingine ni ukatili. Nenda kamjulie hali mtoto, mwulize mama yake nauli ya kwenda kliniki anaipataje, na mazungumzo ya mnara yakianzishwa na mwingine hapo, nyamaza.

Sasa majirani. Nimeona visa vingi vya minara katika barua za safu hii, na mara chache sana saratani peke yake ndiyo inayowaka. Jirani wenu aliamka akasikia kwamba kitu kirefu kuliko mnazi wowote kitasimama ukutani kwake kwa miaka mingi, kwamba hakuna aliyemwuliza, na kwamba fedha yote itaingia nyumba moja. Hawezi kusema msibani kwamba anaionea uchungu kodi ya mzee mwenzake. Atasema saratani, na ataiamini. Isitoshe, yapo madhara ya mnara ambayo hayana ubishi wowote na ambayo sijaona mtu akiyataja katika barua yako. Jenereta ya dizeli ikiwekwa karibu na ukuta wa jirani itanguruma usiku wa manane kila umeme unapokatika, na moshi wake utaingia dirishani kwake. Nguzo isiyokaguliwa inaweza kuanguka. Watoto hupanda. Radi nayo inahitaji waya madhubuti wa kuipeleka ardhini. Mtu anayelala mita chache kutoka kwenye jenereta ataumwa kichwa kweli, na akiambiwa kwamba mawimbi hayaumizi kichwa ataona anadhihakiwa. Uingereza mwaka 2020 minara kadhaa ilichomwa moto na watu walioamini kwamba mtandao wa 5G ndio ulioleta korona. Hasira ya watu wasiosikilizwa inaweza kufika huko, na mnara wenu utakuwa nyuma ya chumba cha baba yako.

Kwa hiyo, kabla ya saini, baba yako mwenyewe, wala si kampuni, aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aombe kikao cha majirani. Amtangulie jirani wa kushoto kwa kumtembelea nyumbani kwake kabla ya kikao, kwa heshima ya wazee wawili waliojenga pamoja. Kampuni ije na karatasi zake: kibali cha ujenzi cha halmashauri, na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinachosimamiwa na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira. Waombeni pia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo ndiyo inayosimamia usalama wa mionzi nchini na ambayo hupima mawimbi ya minara, ichukue vipimo kabla mnara haujawashwa na baada ya kuwashwa, pamoja na uani kwa jirani wa kushoto na shuleni kwako ikiwa ni karibu. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Namba iliyopimwa katika ua wa mtu mwenyewe humtuliza kuliko utafiti wa Ulaya.

Mkataba wenyewe usomwe na mwanasheria wa upande wenu, hata kama atalipwa kidogo. Jenereta iwekwe upande wa ndani wa kiwanja chenu, mbali na madirisha ya jirani, na ikiwezekana kampuni ikubali kutumia betri au sola badala yake. Uandikwe wajibu wa kukagua nguzo, uzio, kinga ya radi, na bima ya madhara kwa mali za majirani. Kampuni za minara hupenda kuongeza antena za mitandao mingine juu ya nguzo ile ile, kwa hiyo iandikwe kwamba kila nyongeza itaongeza kodi na itafuatiwa na vipimo vipya. Iandikwe pia nani atang'oa mnara na msingi wake muda ukiisha, na warithi watakuwa na haki gani, maana mkataba wa miaka mingi utawakuta ninyi watatu. Kaka yako, kama anataka kusaidia, aache kucheka na aje kukaa katika kikao hicho.

Ikiwa kampuni itakataa kufika mbele ya majirani au kuonyesha vibali, mwambie baba asisaini, na umweleze wazi kwamba sababu si saratani.

Mshauri